Niko mwaka wa pili wa udaktari lakini moyo uko kwenye meno. Nihame?

Swali: Daktari, salamu sana. Mimi ni msichana wa miaka 21, nyumbani ni Kondele hapa Kisumu, na niko mwishoni mwa mwaka wa pili wa udaktari katika chuo cha serikali. Likizo ya Desemba nilikaa wiki mbili kwenye kliniki ya meno ya rafiki ya mama nikisaidia kupokea wagonjwa, na tangu hapo nawaza meno tu. Fiziolojia nilipita vizuri. Anatomia nilipata sapu, nikairudia nikapita. Sasa nataka kuacha udaktari niombe shule ya meno. Baba amekataa kabisa. Anasema meno ni kazi ya kung'oa tu, si udaktari, na kwamba nitakuwa nimetupa miaka miwili. Rafiki zangu wanasema nimalize kwanza udaktari, meno nitayasomea baadaye kama ubingwa. Je, nihame? Na nikihama, naanzia wapi?

Jibu: Binti yangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Mimi ni daktari wa meno, kazi hii nimeifanya hapa Kisumu kwa zaidi ya miaka ishirini, na karibu kila mwaka hunijia mwanafunzi mwenye swali kama lako. Wapo waliohama wakashukuru. Wapo pia waliohama wakakichukia kiti cha meno kuliko walivyowahi kuichukia wodi. Kwa hiyo sitakuambia hama au baki kabla hatujayatazama mambo yenyewe.

Nianze na rafiki zako, maana kosa lao likibaki kichwani mwako litakuponza. Hapa Kenya huwezi kumaliza udaktari wa kawaida halafu ukasomea meno kama ubingwa. Ubingwa wote wa meno, uwe wa kupanga meno, wa fizi, wa meno ya watoto au wa upasuaji wa kinywa na taya, unajengwa juu ya shahada ya meno. Daktari wa kawaida akitaka kuwa wa meno, anarudi darasani kusomea shahada nyingine. Ila kama kinachokuvuta ni upasuaji wa uso na shingo, na meno yenyewe hayakuhusu sana, basi baki hapo ulipo. Ukimaliza udaktari unaweza kwenda kwenye ubingwa wa masikio, pua na koo, au upasuaji wa kurekebisha maumbile, unaowahudumia watoto waliozaliwa na mdomo sungura na watu walioungua moto. Jiulize swali hilo kabla ya mengine yote, kwa sababu nimeona mtu akihama kwa kupenda upasuaji, akajikuta miaka mitatu anaziba magego.

Sasa baba yako. Anaposema meno si udaktari, sheria ya nchi haiko upande wake. Madaktari wa kawaida na wa meno wanasajiliwa na baraza moja, KMPDC, chini ya sheria moja, Sura ya 253. Hata chama kilichoitisha ule mgomo wa 2024 ni chama cha madaktari, wafamasia na madaktari wa meno pamoja. Lakini najua mzee hatashawishika kwa sura za sheria, kwa hiyo nitakusimulia habari ya mtu mmoja ili ukamsimulie.

Nilikuwa intani, daktari mpya aliye kwenye mwaka wa mafunzo kazini. Usiku mmoja aliletwa mwanamume kutoka upande wa Ahero, mkulima wa mpunga, mwenye nguvu zake. Gego la mwisho la chini lilikuwa limemuuma wiki mbili, naye akawa ananunua vidonge dukani vya kutuliza maumivu. Alipofika kwetu, chini ya kidevu palikuwa pamevimba pande zote mbili, na ukigusa ni pagumu kama ubao. Ulimi ulikuwa umeinuliwa mpaka unakaribia kugusa kaakaa. Mate yalimdondoka kwa kuwa hakuweza kumeza. Alikuwa amekaa, ameinamia mbele, mikono imeshika magoti, na kila muuguzi alipojaribu kumlaza alipigana naye, kwa sababu akilala chali hewa inakatika. Ugonjwa huo unaitwa angina ya Ludwig. Mizizi ya magego ya nyuma ya chini hufika chini ya ule msuli unaotandaza sakafu ya kinywa, hivyo uambukizi wa jino ukitoboa mfupa unamwagikia shingoni badala ya kinywani, na uvimbe unaiziba njia ya pumzi. Mtu huyo alitobolewa koo ili apumue, akapasuliwa chini ya taya pande mbili, akawekewa mipira ya kutoa uchafu, akapewa dawa za mshipani, na jino likang'olewa. Siku ya tisa alikula uji. Mwambie baba yako kwamba jino lilikaribia kumuua mtu ambaye moyo wake, mapafu yake na ini lake vilikuwa vizima kabisa.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa ziwa kuliko wengi. Mwaka 1958 daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Uganda, Denis Burkitt, aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto. Baadaye ikajulikana kwamba saratani hiyo inaandamana na ukanda wa malaria kali, na Nyanza na Magharibi ziko ndani ya ukanda huo. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa katika seli zake. Sasa fikiria mtoto huyo anaanzia wapi. Mama anaona meno ya mtoto wa miaka sita yanalegea, shavu limejaa upande mmoja. Hawazi saratani hata kidogo, anawaza meno ya utotoni yanayong'oka. Anampeleka kwa daktari wa meno. Ukimng'oa mtoto meno mawili ukamrudisha nyumbani, uvimbe ule unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache tu. Ukitambua kwamba meno manne hayalegei kwa wakati mmoja bila sababu, ukaona fizi zilivyosukumwa, ukampeleka mtoto kwa watu wa saratani siku hiyohiyo, una nafasi nzuri ya kumwona tena akiwa na afya, kwa sababu saratani hiyo huitikia dawa vizuri sana ikiwahiwa. Nimewahi kuwa daktari wa kwanza kumtazama mtoto wa namna hiyo kinywani. Mikono hutetemeka ukishatoka chumbani.

Nimeyataja hayo makubwa kwa ajili ya baba yako. Wewe nataka nikuonyeshe madogo, kwa sababu madogo ndiyo yatakayojaza siku zako.

Ulikaa wiki mbili mapokezini. Mapokezini unaona mtu akiingia ameshika shavu na akitoka anatabasamu. Kinachofanyika katikati hujakiona. Kinachofanyika katikati ni kazi ya mikono katika nafasi finyu, kwenye mate, mgonjwa akiwa macho anakutazama, na mara nyingi unafanya kwa kutazama kioo kidogo ambamo kila kitu kimegeuka: ukitaka kwenda mbele, kioo kinaonyesha nyuma. Unatoboa jino kwa mashine inayozunguka mamia ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, na kati ya ulipo na mshipa wa jino kumebaki milimita moja. Kisha mgonjwa anameza mate na ulimi unaruka.

Hata kung'oa, kazi ambayo baba yako anaidharau, si kuvuta. Anayevuta huvunja mzizi. Koleo unalisukuma kwanza, kuelekea ndani ya mfupa, kana kwamba unataka kulizamisha jino, kisha unalisogeza taratibu upande wa shavu na upande wa ulimi mpaka mfupa wenyewe upanuke na kuliachia. Mkono wa kushoto haufanyi mapambo. Vidole viwili vimeushika mfupa pande zote mbili, na ndivyo vinavyokuambia jino limeanza kukubali, hata kabla macho hayajaona. Ukifika siku ambayo vidole vyako vimejua hilo vyenyewe, utanikumbuka.

Mimi nilikuja kwenye meno bila kutaka. Enzi zetu waliotupanga vyuoni ilikuwa JAB, kabla ya KUCCPS, na mimi nilikuwa nimeomba udaktari nikapewa meno. Nililia kutoka Kisumu mpaka Naivasha kwenye basi la usiku. Mwaka wa kwanza tulikuwa Chiromo pamoja na wenzetu wa udaktari, na kila nilipowaona niliona kama wamekalia kiti changu. Kilichonigeuza kilikuwa kipande cha nta. Tulipewa nta ya mstatili, kisu kidogo na vipimo, tukaambiwa tuchonge chonge la juu: milimita 10 za taji, 17 za mzizi. Nilichonga matano nikayatupa. La sita nilikaa nalo mpaka usiku, nikaona ule mgongo unaoshuka kutoka ncha hadi kwenye fizi, nikaona kwa nini uko pale, kwamba ndio unaoligawa shinikizo la kutafuna. Mwalimu alilizungusha kwenye mwanga, akaliweka chini bila kusema neno, akaenda kwa mwingine. Kwake ukimya ndio uliokuwa maksi. Nililala nikiwa na furaha ambayo udaktari niliouota haukuwahi kunipa, kwa sababu udaktari nilikuwa naota koti, na hili nilikuwa nimelishika.

Kwa hiyo ninapokuuliza kama unataka meno, nauliza kama unataka kile kipande cha nta. Na hapo lazima tuzungumze kuhusu sapu.

Umeitaja kwa haraka ukaipita, nami nimesimama papo hapo. Kufeli anatomia mara moja si aibu; madaktari wazuri ninaowafahamu, wengi wao wamewahi kurudia kitu. Lakini kama wazo la meno lilikuja baada ya matokeo yale, na ndani yako kuna sauti inayosema kule ni rahisi, isikilize vizuri uijue ni nini. Shule ya meno ina anatomia ileile, ina fiziolojia na baiokemia ileile, kisha patholojia, mikrobiolojia na famakolojia, na utapita wodini pia, kwenye tiba na upasuaji wa jumla. Juu ya hayo, kichwa na shingo utavisoma kwa kina kuliko mwenzako wa udaktari. Neva ya tano ya kichwa, ile ya uso na meno, utaijua tawi kwa tawi, kwa sababu sindano ya ganzi ya taya la chini inategemea ujue neva inaingia mfupani mahali gani, na ukikosea kidogo utamganzisha mtu shavu huku jino likimuuma kama kawaida. Anayeikimbia anatomia kwa kwenda meno amekimbilia chumbani kwa anatomia yenyewe. Ila kama ulifeli kwa sababu ulikuwa tayari umekata tamaa na udaktari, au kwa sababu ya ugonjwa, au mambo ya nyumbani, hilo ni tofauti, na wewe ndiye unayejua.

Ninachokuomba ufanye kabla ya kugusa fomu yoyote ni hiki. Likizo inayokuja, tafuta siku kumi katika idara ya meno ya hospitali ya serikali, pale ambapo foleni inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Andika barua kwa msimamizi wa idara, ambatisha kitambulisho cha chuo, omba kusimama nyuma ya kiti, si mapokezini. Siku mbili za kwanza utafurahia kila kitu, usizihesabu. Hesabu siku ya sita, ambayo si ya ajabu: magego manane ya kuziba yanayofanana, mtoto anayelia mpaka anatapika, mzee aliyerudi mara ya nne kwa kuwa meno ya bandia yanamkata palepale. Tazama mgongo wa daktari ifikapo saa tisa; shingo na kiuno ni bei tunayolipa sote. Halafu jioni jiulize kama ungependa kurudi kesho. Nyumbani nunua mche wa sabuni ya kufulia, uchonge jino lako la mbele kwa kulitazama kwenye kioo. La kwanza litakuwa baya, ya kila mtu ni mabaya. Angalia kama unatamani kuchonga la pili. Ustadi wa mkono unafundishika. Ile hamu ya kurudia kitu kilekile mpaka kikae sawa, sijaona shule inayoifundisha.

Ukitaka pia kuona upande mwingine wa kazi hii, nenda Nakuru. Pita sokoni au stendi, tazama vijana wanavyocheka wakiwa wamefunika mdomo. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, wakati kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanajiunda ndani ya taya, yatatoka na madoa ya kahawia, mengine yakimeguka. Kinachoumiza ni kwamba floraidi hiyohiyo kwa kiasi kidogo huyalinda meno yasitoboke. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi kubwa ya kuchuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ninakutajia hayo kwa sababu daktari wa meno wa huku kwetu akikaa kwenye kiti tu bila kujali maji, bila kujali mama wa kijijini anayekwanguliwa mwanawe fizi ili kutolewa yale yanayoitwa meno ya plastiki, ambayo ni vichipukizi tu vya meno ya utotoni, atakuwa amefanya nusu ya kazi. Wazee wetu Waluo walikuwa na desturi yao ya nak, kung'oa meno sita ya mbele ya chini, na ilikuwa na maana yake kwa wakati wake. Kukwangua fizi za mtoto mchanga anayeharisha hakutibu kuhara. Kunaleta vidonda, kutokwa damu, na wakati mwingine kifo.

Basi tuseme umekaa siku zako kumi na bado unayataka meno. Naanza na lile usilofanya: usiandike barua ya kujiondoa. Kaa mitihani yote ya mwaka wa pili, pita kila somo, upate nakala safi ya matokeo. Kama utahitaji muda, omba kuahirisha masomo kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi. Nafasi ya udaktari uliyo nayo ni mali, usiiachilie mkononi kabla nyingine haijaingia.

Dirisha la KUCCPS la kuhama huwa ni la waliopangwa karibuni, kwa kawaida wanaoanza mwaka wa kwanza, na hata wao lazima alama zao zifikie kiwango cha mwisho kilichoingiza watu kwenye kozi wanayoitaka mwaka wao. Masomo yanayotazamwa ni yaleyale ya udaktari, baiolojia na kemia mbele, na alama za meno hazipungui sana kutoka za udaktari. Kwa aliye mwaka wa pili, njia iliyobaki mara nyingi ni kuomba chuoni moja kwa moja. Maseno iko karibu na nyumbani lakini haifundishi meno. Utatazama Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret na Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kimefundisha meno tangu miaka ya sabini. Nenda mwenyewe, na matokeo yako ya KCSE na ya miaka miwili, uulize ofisi ya msajili na ya mkuu wa shule ya meno: mnapokea anayetoka udaktari? Masomo gani mtanihesabia? Nitaingia mwaka gani? Kila jibu liwe barua yenye muhuri. Neno la mtu wa dirishani halikuingizi darasani Septemba.

Kuna Makerere ng'ambo ya mpaka na Muhimbili kule Dar es Salaam, na wapo wenzetu wazuri waliosomea huko. Ukifikiria nje, wasiliana na KMPDC kabla hujalipa shilingi, wakuambie shule hiyo wanaitambua na utahitaji nini ili usajiliwe ukirudi.

Kuhusu miaka miwili kutupwa, tuhesabu na baba yako akiwepo. Udaktari ni miaka sita na mwaka mmoja wa intani. Umemaliza miwili, umebakisha mitano. Meno pale Nairobi ni miaka mitano na mmoja wa intani, yaani sita, hata kama hawatakuhesabia somo hata moja. Tofauti ni mwaka mmoja, labda na miezi ya kusubiri mwaka wa masomo uanze. Kwa mtu wa miaka 21 atakayefanya kazi mpaka sitini, mwaka mmoja si kitu cha kukufanya ubaki usikopapenda. Na hukuitupa ile miwili: anatomia uliyoirudia kwa jasho utakutana nayo tena ukiwa unaijua.

Fedha ndiyo hesabu nyingine kabisa, na hapo baba yako ana haki ya kusikilizwa kwa makini. Ukiingia kama mwanafunzi wa kujilipia, karo ya meno ni laki kadhaa kwa mwaka, na ufadhili ulio nao sasa usidhani utakufuata. Kama umekopa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, deni hilo lina riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Ongea nao mapema kuhusu kuhama ili usionekane umetoweka. Vyombo navyo ni gharama, nta, visu, vichwa vya mashine, baadhi utanunua mwenyewe. Kaeni chini na wazazi, muandike kwenye karatasi kila mwaka na chanzo chake, shamba, sako, mjomba, mkopo. Ukikuta mwaka wa tatu hauna chanzo, usiuanze wa kwanza kwa imani. Nimemwona kijana mwenye mikono ya dhahabu akirudishwa nyumbani mwaka wa nne kwa karo, na udaktari alikuwa ameshauacha.

Usihame kwa kudhani kazi ziko tele upande wetu. Mgomo wa 2024 ulichukua siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na kiini chake kilikuwa intani, kuajiriwa kwao na malipo yao: mkataba wa 2017 ulisema shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kutoa 70,000. Intani wa meno walikuwa nyumbani wakisubiri kama wa udaktari. Kaunti huajiri madaktari wa meno wachache, na kufungua kliniki yako kunahitaji kiti, kompresa, mashine ya kuchemshia vyombo, eksirei na leseni, ndiyo maana wengi huanza kwa kuajiriwa kwenye kliniki ya mwingine kwa asilimia. Ukishasimama unaishi vizuri. Kusimama kunachukua muda.

Maoni yangu, kwa kuwa umeyaomba: kwa yale uliyoandika, sijaona bado kwamba unayataka meno, nimeona kwamba uliipenda kliniki moja kwa wiki mbili, na kwamba udaktari umekuchosha. Inawezekana kabisa yote mawili yakageuka kuwa wito, wangu ulianza na machozi. Siku kumi zitakuonyesha. Zikikuthibitishia, hama, na uhame mapema, mwisho wa mwaka huu wa pili, kabla hujaingia wodini mwaka wa tatu ambako kila muhula unaoongeza unafanya hesabu ile ya mwaka mmoja iwe miwili, kisha mitatu.

Baba yako usimwendee na uamuzi, mwendee na karatasi ya hesabu, barua za vyuo, na lile jino la sabuni. Anaogopa kwa ajili yako. Jirani wameshaanza kukuita daktari na yeye ndiye atakayewajibu. Kama ana maswali ambayo wewe huwezi kuyajibu, aje nizungumze naye mzee kwa mzee, kwa Kiluo chetu. Jumamosi alasiri wagonjwa hupungua, nitamkalisha kwenye kiti nimtazame na meno yake pia. Watu wa umri wake wengi wana gego wanalolificha.